Nafasi Moja ya Kuvuka Mto

Tangu nirudi Shard End, hapa Birmingham, sijapata kupika chai nikainywa peke yangu. Kila anayepita anataka kusikia habari za Sweden. Mama Furaha alipanda basi kutoka Tyseley, akavua viatu mlangoni, na kabla hajakaa akaniuliza, "Dada, ile mayi ya mafuriko ilikukuta wapi?" Nimeshaisimulia safari hii jikoni, nimeisimulia kwenye simu, na mara moja kwenye foleni ya duka la nyama kule Erdington, na kila mara kuna mtu wa kunikatiza nikiwa nimefika pazuri. Basi nimeiandika. Someni mkiwa mmekaa, maswali yasubiri nimalize.

Kwa wasiojua kilichonipeleka: binti yangu Nasra aliolewa na Abdi, kijana wa Garissa aliyehamia Sweden na sasa anaendesha lori huko juu kabisa, karibu na pale ramani inapoishia. Mimba ya kwanza ya Nasra iliharibika ikiwa kubwa. Siku hiyo Abdi alikuwa barabarani, mimi nilikuwa hapa nikipika chakula cha watoto wa shule, na mwanangu alilala kwenye kitanda cha hospitali bila mtu wake hata mmoja. Aliposhika mimba ya pili alinipigia simu. "Mama, this time siwezi kuwa peke yangu. Promise me utakuja." Nikamwapia kwamba hatakuwa peke yake. Safari yenyewe ni hiyo, mengine yote ni njia.

Kuna jambo la pili, ambalo Mama Furaha hakulijua na alicheka sana nilipomweleza. Kwetu sisi Wasomali tuliokulia Mombasa, mama mkwe na mume wa binti yake hawazoeani. Hawakai chumba kimoja, hawali meza moja, na wakikutana njiani kila mtu hutafuta ukuta wa kutazama. Si uadui, ni heshima. Siku ya harusi nilijifunika mtandio usoni, na sura ya Abdi niliijua kwa picha tu. Kwa hiyo Nasra alikuwa amepanga vizuri: nikifika, Abdi atahamia kwa rafiki yake, na mimi nitakaa na mwanangu hadi atoke arubaini.

Shard End hadi ndege ya mwisho

Ilikuwa mwezi wa tano, Ramadhani iko mlangoni. Uwanja wa ndege uko jirani nasi, ndege hupita juu ya nguo zangu zikiwa kwenye kamba, kwa hiyo nilitoka nyumbani kifua mbele kama mwenye mali. Begini sikuweka nguo nyingi. Niliweka unga wa wimbi, samli, tende, iliki, pilipili manga ya kusaga, na mkaja. Mkaja, kwa ninyi vijana mtakaosomewa haya na mama zenu, ni kitambaa kirefu anachofungwa mwanamke tumboni akishajifungua, ili tumbo lirudi na kiuno kipate nguvu. Huu ulikuwa wa mama yangu, na mimi nilifungwa huo huo.

Stockholm, afisa mmoja alitaka kujua ule unga wa kijivu ni kitu gani. Nikamwambia ni pilipili, kwa Kiingereza changu kizuri cha Birmingham. Hakuniamini. Akafungua mfuko akavuta hewa kwa pua nzima. Alipiga chafya mfululizo hadi mwenzake akaja kumshika bega, na wote wawili wakanifungia begi langu kwa adabu kubwa.

Ndege ya pili ilikuwa ndogo na ilinipeleka kaskazini zaidi. Nilikuwa nimevaa koti la baridi linalofika kwenye vifundo vya miguu, maana ndivyo mtu anavyojiandaa kwenda kaskazini. Nikashuka kwenye joto. Watu wamevaa fulana, jua linawaka, na chini ya miti theluji bado imelala, chafu, inavuja maji. Nikavua koti nikamshukuru Mungu kwa hali nzuri ya hewa. Shukrani hizo zilikuja kunitia aibu.

Pale basi liliposimama

Basi lilifuata mto. Ninyi mnaujua mto wetu wa Cole hapa Shard End, watoto huuvuka na viatu vyao vya shule. Ule haukuwa wa aina hiyo. Ulikuwa mpana, rangi ya chai ya maziwa, na ulikuwa na haraka. Ulibeba magogo na vipande vya barafu, na niliona gati dogo la mbao likipita na benchi lake juu, benchi limesimama wima kabisa.

Dereva akasimama kwenye kijiji ambacho jina lake sitaliandika, kwa sababu kila nikilitamka mnacheka. Barabara mbele ilikuwa imeingia majini. Daraja la kwenda ng'ambo, kwenye mji wenye hospitali, lilikuwa limefungwa kwa sababu magogo yalikuwa yakiligonga. Tukaambiwa tungoje katika ukumbi wa kijiji. Nikauliza tungoje hadi lini, na dereva akainua mabega.

Mwenye ukumbi alikuwa mama mmoja mtu mzima, mrefu, mwenye mikono mikubwa, jina lake Birgit. Kiingereza chake kilikuwa kidogo lakini hakikuona haya. Alinimiminia kahawa, kisha akatumbukiza vipande vya jibini ndani ya kikombe. Nikageuka kuona kama wengine nao wametendewa hivyo. Walikuwa wametendewa, na walikuwa wakila kwa raha, basi nami nikala. Jibini ile haiyeyuki, hulia kwenye meno kama inalalamika. Kikombe cha pili niliomba mwenyewe. Nyama sikuigusa, nikaletewa samaki wa mtoni kwa viazi na siagi, na sina la kulalamika.

Birgit alikuwa na jambo moja lililonitisha. Nikimwuliza kitu, alivuta pumzi ghafla kama mtu aliyechomwa sindano. Mto utapungua? Pumzi. Barabara itafunguliwa? Pumzi. Nikadhani ana pumu, nikamletea kiti. Akakaa kwa adabu huku akinishangaa. Msichana mmoja wa kwenye basi ndiye aliyenieleza kwamba ile ndiyo "ndiyo" yao, wao huivuta ndani badala ya kuitoa nje.

Jioni ikaingia na jua bado liko juu. Nikaona niwatie watu moyo. Nikamwambia Birgit, kwa sauti ya kusikika, kwamba Mungu akipenda kesho kutakuwa na joto zaidi. Birgit akanitazama kama niliyewaombea msiba. Halafu akanishika mkono, akanipeleka dirishani, akanionyesha milima ya mbali iliyokuwa bado myeupe. "Hot," akasema, akashusha vidole kutoka mlimani mpaka mtoni.

Mimi nimekulia Mombasa, na mafuriko ninayoyajua mimi hutoka mawinguni. Kule maji yalikuwa yamekaa mlimani tangu majira ya baridi, na lile jua nililolishukuru ndilo lililokuwa likiyafungulia mlango. Kila mtu mle ndani alikuwa anaomba baridi. Nikaomba nao, tena kwa sauti, ili nifute yale ya kwanza.

Lori la buluu

Nasra akapiga simu. Nilimweleza nilipo, naye akasema, "Hold on, Mama. Abdi yuko hapo pia. Same village. Alikuwa anarudi kutoka south, lori yake ya blue iko kwa foleni. Oh thank God, mko pamoja." Nikasema alhamdulillahi kwa ulimi. Moyoni nilikuwa natafuta mahali pa kujificha.

Aliingia mlangoni ananitafuta. Nilimjua mara moja, nikavuta mtandio usoni, naye akageukia ubao wa matangazo. Tukasimama hivyo, yeye anasoma habari za mbwa aliyepotea, mimi natazama birika. Kisha akamwendea Birgit akamwambia neno kwa Kiswidi. Birgit akanijia akaniuliza kwa Kiingereza chake, "He ask, you eat?" Nikamjibu nimekula, mwambie ahsante. Birgit akaenda akamwambia. Akarudi. "He say, you sleep in his car. There is bed. He sleep here, on floor." Nikasema nimeshukuru, lakini yeye ndiye mwenye kazi, alale kitandani mwake. Birgit akaenda. Birgit akarudi. Watu wawili waliokuzwa kwa Kiswahili, mmoja Mombasa na mmoja Garissa, tukimtuma mama wa watu huku na huku na habari za mto.

Kwenye lori nililala vizuri, siwadanganyi. Nilikuta blanketi limekunjwa, chupa ya chai ya iliki, na mswala umeelekezwa kibla tayari. Nikajua mwanangu hakuolewa ovyo.

Sasa Birgit yeye alikuwa ameshajihakikishia kwamba tumegombana. Asubuhi alituandalia meza ya watu wawili, akaweka na mshumaa, akanikalisha mimi upande huu na Abdi upande ule, kisha akasimama mikono kiunoni angoje tupatane. Abdi akageuza kiti akanipa ubavu. Nami nikageuza changu. Tukala mkate tukitazama kuta mbili tofauti, na Birgit akarudi jikoni akitikisa kichwa.

Nafasi moja

Mkate haujaisha, simu ikalia. Nasra alikuwa anapumua kwa vipande. "Mama, imeanza. Niko kwa taxi. Mama, nyinyi mko wapi, mbona hamji?" Nikamwambia tunakuja. Sikujua tunakuja kwa njia gani, lakini nilisema kwa sauti ile ninayotumia shuleni sufuria ikiungua, na akatulia kidogo.

Kikosi cha uokoaji kilikuwa na boti ya kuvusha dawa, juu kidogo ya kijiji, mahali mto unapotanuka na kupunguza kasi. Birgit alikwenda kuwaambia habari zetu. Akarudi na mwanamke mwenye jaketi la rangi ya machungwa, aliyesema kuna nafasi ya mtu mmoja, na hawezi kuahidi safari nyingine kabla maji hayajashuka. Akauliza nani anakwenda kwa mama anayejifungua.

Nikainuka. Abdi naye akaninyooshea mkono mimi, kwa sababu kwetu chumba cha uzazi ni cha wanawake, mwanamume hungoja nje na tasbihi yake. Yule mwanamke wa boti akatutazama, kisha akamnyooshea kidole Abdi. Kwao baba wa mtoto ndiye anayeingia. Nikamwambia mimi ndiye mama mzazi wa yule binti. Akanijibu kwa upole kwamba ameelewa, na bado akamwonyesha Abdi. Nikasema basi tumwulize mwenyewe, na nilikuwa na uhakika wa jibu.

"Nasra, kuna boti. Nafasi ni moja. Nije mimi au aje Abdi?"

"Both of you."

"Ni moja, mwanangu."

Nilimsikia anauma meno maumivu yakimpita. Kisha akasema polepole, "Mama, usikasirike. Please. Nataka Abdi."

Nilichomwa. Siwafichi, maana hata sasa nikiandika pananiuma. Nimetoka Birmingham na samli yangu, nimevuka nchi, nimekula jibini ndani ya kahawa, na mwanangu amemchagua mtu ambaye mimi natakiwa nisimtazame usoni. Nilitaka kumwambia hajui anachosema. Lakini nilimwapia kwamba hatakuwa peke yake, na mwenyewe ameshasema anayemtaka. Nikamwambia, "Sawa. Anakuja sasa hivi."

Ndipo nikaukumbuka mkaja. Wakunga wa kule wanajua mengi, lakini mkaja hawaujui. Na aliyekuwa anakwenda ng'ambo alikuwa mwanamume, tena mkwe wangu, na mambo ya tumbo la mzazi hayasemwi mbele ya mwanamume, sembuse mkwe. Boti ilikuwa inangoja.

"Abdi," nikaita. Lilikuwa neno la kwanza nililomwambia maishani mwangu. Alishtuka akazidi kutazama ukuta.

"Abdi, mwanangu, geuka."

"Mama, nitageukaje? Ni aibu."

"Leo tumeuweka ukwe pembeni. Geuka uone, sina muda wa kukueleza mara mbili."

Akageuka. Nikaondoa mtandio usoni. Tukaonana. Ana macho ya upole, na nilimhurumia kwa sababu nilimwona ni baba mtu anayeogopa. Nikamvuta Birgit katikati ya ukumbi, nikamwinua mikono, nikaanza kumfunga mkaja juu ya sweta lake mbele ya abiria wote.

"Tazama mikono yangu. Kwanza mwulize mkunga kama ameshakuwa tayari kufungwa. Hupandi juu ya mbavu. Unaanza chini, hapa, unazungusha ukipanda. Anapotoa pumzi ndipo unakaza. Ukimbana sana atakwambia, na akikwambia msikilize."

Birgit akavuta pumzi yake ile ya ghafla, na nikashindwa kujua kama amekubali au nimembana.

"Fundo linakaa ubavuni, lisimchome akilala. Kisha maji ya moto na kitambaa, umkande kiuno na mgongo, taratibu. Uji wa wimbi, na pilipili manga usiionee huruma. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mama."

"Rudia."

Akarudia yote, neno kwa neno, masikio yamemwiva. Alipofika kwenye tumbo alifumba macho lakini hakuruka kitu. Nikafungua mkaja kutoka kwa Birgit, nikautia begini, nikampa begi lote. Mara ya mwisho kumwona alikuwa ameketi kwenye boti na jaketi la kuelea shingoni, amelikumbatia begi langu kifuani, na maji ya rangi ya chai yanampita pande zote. Nilisimama ukingoni nikamsomea dua mpaka boti ilipogusa upande wa pili.

Kungoja baridi

Ninyi mnanijua, sijui kukaa bure. Nikaingia jikoni kwa Birgit nikawakaangia viazi vya watu kwa bizari niliyokuwa nayo mkobani, na ukumbi mzima ukapanga foleni. Simu nilikuwa nimeiweka dirishani, mahali pasipo na kitu kingine, niione. Kila nikigeuza viazi niliitazama. Kichwani nilikuwa chumba cha uzazi, namshika Nasra mkono.

Mchana mbingu ikafunga. Upepo ukabadilika, watu wakatoka nje kuunusa, na mimi nikalivaa tena koti langu la vifundoni. Kisha theluji ikaanza kudondoka, nyepesi, mwezi wa tano. Wenyeji wakatabasamu kama watu walioletewa posa. Birgit akanipiga bega, akaonyesha angani, akavuta pumzi.

Simu ililia nikiwa na mwiko mkononi. Nasra alikuwa analia na kucheka. "Mama, she's here. Msichana. She's perfect, Mama, ana nywele nyingi." Nyuma yake nikasikia sauti ya Abdi akimwadhinia mtoto sikioni, na baada ya hapo sikusikia kitu kwa sababu nilikuwa nimeanguka kwenye kifua cha Birgit nalia kama niliyezaa mimi. Nilikuwa na furaha iliyojaa, na bado kipande kimoja ndani yangu kilikuwa kinauma, kile cha kuchaguliwa mwingine. Vyote viwili vilikaa humo humo.

Baridi ilishika, milima ikafunga maji yake, na mto ukaanza kushuka. Walipoondoa magogo na kufungua daraja, Birgit alinipeleka mwenyewe kwa gari lake la zamani. Njia nzima matope yalikuwa yameganda kwenye nyua za watu hadi kiunoni. Tulipoagana nilimpa iliki chache zilizokuwa zimebaki mkobani, na yeye akanipa pande la jibini.

Ng'ambo

Nasra alikuwa nyumbani tayari. Nilimkuta kitandani, amekonda uso, amelala na bilauri ya uji pembeni. Kabla ya salamu kwisha nikafunua shuka nikaukagua mkaja. Umeanzia chini, umepanda, fundo liko ubavuni. Nikaulegeza kidogo nikaukaza tena palepale, kwa sababu mama lazima afanye kitu. "Mama, leave it, iko sawa," Nasra akasema, na usingizi ukamchukua huku amenishika kidole.

Nikatoka sebuleni. Abdi alikuwa amesimama karibu na mlango, begi lake la kuhamia kwa rafiki liko chini, mtoto yuko mikononi mwake. Kwa desturi alitakiwa awe ameshaondoka. Nikangoja anipe mtoto ageuke aende zake. Mtoto alinipa, nikampokea mjukuu wangu, kweli ana nywele, lakini Abdi hakuondoka. Alinitazama usoni, na sikuvuta mtandio.

"Mama," akasema, "kuna kitu Nasra hakumbuki, na nilitaka wewe ukijue. Maumivu yalipomzidi hakuniona tena. Nilikuwa nimemshika mkono lakini hakuwa ananiita mimi. Alikuwa anaita, mama, mama. Nikamwambia uko njiani, hakusikia. Akaendelea kuita." Akamtazama mtoto. "Basi kila alipoita mama, niliitika mimi."